Harusi Iliyompeleka Dada Masomoni

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya Nsambya ambayo nikiikumbuka hata leo naweka kijiko chini. Nimesikia umepata nafasi ya kwenda kusomea digrii ya pili ng'ambo. Nimesikia pia umekwisha kukodi turubai na spika za muziki ili watu waje wakuage. Vizuri. Kaa kwanza.

Mimi sikusoma. Darasa la nne niliishia katikati. Lakini malori unayoyaona yakiteremka barabara ya Bombo yana jina langu mlangoni, na nyumba ya Bukoto niliijenga bila kumwomba mtu hata msumari. Kwa hiyo mimi mjomba wako nikisema juu ya safari, nisikilize kama unavyomsikiliza profesa wako.

Miaka ile wanajeshi ndio waliokuwa serikali. Baba yangu alikuwa koplo wa polisi, mtu wa kaskazini, na tuliishi katika nyumba za polisi pale Nsambya, zile za mistari, ukuta mmoja familia mbili. Kuwa mtu wa kaskazini wakati huo kulikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili ilikuwa kusoma. Dada yangu Akello alikuwa na zote mbili. Alifundisha kemia katika shule ya wasichana, akapata nafasi ya kusomea digrii ya pili Uskochi. Na kwenda nje kusoma, machoni pa watu wa usalama, maana yake ni kwenda kuisema vibaya serikali redioni. Mwalimu mwenzake aliagwa kwa karamu siku ya Ijumaa. Jumapili walimchukua mlangoni pa kanisa, wakamtia kwenye buti ya gari, na mkewe hajaoneshwa kaburi hadi leo.

Mimi nilikuwa kijana mwenye mkaa Bwaise na sukari ya magendo, na nilivaa viatu vya soli ndefu kuliko vya wakubwa wangu. Nilimpenda sana dada yangu. Kwa desturi ya mistari yetu, mtu akisafiri mbali, nyumba yake huchinja na majirani wote huja kula, na asiyefanya hivyo huonekana ana jambo na watu. Nikanunua mbuzi, nikaita wapiga ngoma, nikawaalika watu pale bombani tunapoteka maji. Sikuwaambia ya nini. Nilitaka nisimame mwenyewe katikati ya watu nitangaze kwamba dada yangu anakwenda Ulaya.

Mzee Yokana alisikia. Huyu alikuwa jirani yetu, amestaafu bendi ya polisi, na kwa miaka yote ya kupuliza tarumbeta mbele ya magavana alikuwa amejifunza kunyamaza vizuri. Alinikuta namfunga mbuzi.

"Huyu mnyama ni wa nani?"

"Ni wangu, mzee. Wa kumuaga Akello."

"Wa kumuaga, au wa kumzika?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nikae chini, juu ya udongo, na suruali yangu nyeupe.

"Wewe unafikiri sherehe hii ni ya dada yako," alisema. "Ni ya mdomo wako. Yeye atakuwa amekaa hapo kama alama ya shabaha, na wewe ndiwe utakayewaonesha mahali pa kupiga. Na wakimkosa yeye, baba yako bado anavaa sare yao."

Mwanangu, nimetukanwa na matajiri, nimetukanwa na mahakimu. Hakuna aliyenifikia kama mzee yule.

Nikasema basi nifute sherehe. Akakataa. Watu wameshaalikwa, mbuzi ameshaonekana. Ukifuta, wataanza kuuliza. Akafikiri, akamwita mama, akamwita baba, wakazungumza kwa sauti ya chini hadi chai ikapoa. Wakatoka na jibu moja: Akello anaolewa. Bibi harusi akibeba sanduku, nani atamuuliza? Rafiki yangu Wafula, dereva wa lori, kwao ni Tororo, karibu kabisa na mpaka. Angekuja kama bwana harusi, amchukue mchana kweupe, na kutoka kwao angevushwa hadi Kenya. Vyeti vya dada vilikwisha kutangulia Nairobi na sista mmoja wa misheni.

Wafula alipoambiwa alikuna kichwa. "Na mke wangu wa kweli akisikia?"

"Atakupiga," mama alimwambia. "Wale wengine wataua."

Jumamosi ikafika. Ngoma, vigelegele, mbuzi kwenye sufuria. Halafu akaingia mtu mmoja wa usalama aliyekaa mistari ya juu. Sisi tulimwita Miwani kwa sababu hakuivua hata ndani ya nyumba. Hakualikwa. Ngoma haikusimama, lakini mikono ya wapigaji ililegea. Alikuja kukaa karibu na mimi, bega kwa bega, akachukua mfupa kwenye sahani yangu.

"Kijana wa mali," akasema. "Dada yako si ndiye yule alisoma mingi?"

"Ndiye, afande."

"Na anaolewa na dereva? Mimi nauliza tu."

Akello alikuwa ameketi mbele yetu juu ya mkeka, kitambaa kichwani, anasikia kila neno. Jibu la kweli lilikuwa limenijaa mdomoni. Mimi ambaye hata kuku wangu akitaga naita majirani. Nililimeza, nikasema:

"Afande, masomo gani? Umri umeenda, wenye magari wamemkataa. Huyu mwenye lori la watu amekubali, tunashukuru. Hata mahari tumepunguza."

Dada aliinamisha kichwa. Wanawake wakacheka. Miwani naye akacheka hadi akanipiga mgongoni, na mkono wake uliniacha na mafuta ya mbuzi kwenye shati.

"Basi nitamsindikiza mwenyewe mpaka Jinja," akasema. "Nina shughuli huko."

Baba alitazama chini. Ni Mzee Yokana aliyenyanyuka, akasema kwa upole, "Ni heshima kwetu, afande. Bwana harusi, mpishe mgeni akae mbele."

Ndivyo tulivyoondoka. Mbele Wafula, katikati dada yangu, pembeni Miwani na bastola yake. Mimi na shangazi yetu tulikaa nyuma na godoro, masufuria na sanduku. Nilichungulia kwenye kidirisha cha nyuma ya kiti njia nzima. Niliona shingo ya Wafula inavyotoka jasho. Niliona Miwani akigeuka kumwuliza dada kitu, na dada akijibu kwa kutikisa kichwa tu, kama bibi harusi mwenye haya.

Kwenye daraja la Jinja askari walitushusha wote. Mmoja akafungua sanduku. Akatoa kitenge, akatoa kitenge kingine, halafu akavuta koti kubwa la sufu, zito, la baridi ya theluji. Mama alikuwa amelipata kwa masista akalificha chini ya nguo bila kumwambia mtu, kwa kuhofu mwanawe ataganda huko.

"Hii ya nini?" askari aliuliza. "Tororo kuna barafu?"

Jua lilikuwa la saa nane. Wafula alikuwa kama mti. Miwani aligeuka polepole akaanza kulitazama lile koti.

Akello ndiye aliyesema, bila kuinua uso. "Ni la mume wangu. Anaendesha usiku. Mama alisema nisiende kwake mikono mitupu."

"Mume, vaa tuone."

Wafula akalivaa. Mikono ya koti ilipita vidole vyake. Akasimama pale juani, amefungwa vifungo hadi shingoni, jasho likimdondoka kidevuni, na askari wakamzunguka kama wanaotazama nguo sokoni. Mmoja akaanza kucheka. Miwani akacheka mwisho.

"Waacheni," akasema. "Nimekula mbuzi wao. Mama mkwe hajui kupima, basi."

Alishukia pale pale. Tukavuka. Wafula hakulivua lile koti mpaka tulipofika Tororo. Alisema mikono ilikuwa inakataa kufungua vifungo. Usiku ule ule wajomba zake walimvusha dada.

Unadhani hadithi imeisha. Hata mimi nilidhani. Dada alifika, alisoma, alifaulu, na habari zilitufikia kwa midomo ya masista. Lakini pale Nsambya alikuwa ameolewa Tororo. Kila asubuhi bombani wanawake walimwuliza mama, mjukuu lini? Mama anasema bado. Mwaka ukapita, wakasema binti yake hazai. Wakasema vitabu vimemkausha tumbo. Wengine walimletea dawa za miti, naye akapokea, akashukuru. Mwanawe anavalishwa joho la digrii, na yeye anabeba huruma za watu pamoja na ndoo. Angelisema neno moja tu la kujitetea, baba angelitiwa kwenye gari.

Siku jeshi lile lilipokimbia mji, watu walikimbilia madukani kuchukua vitu. Mama alikwenda bombani. Hakubeba ndoo. Alisimama pale, akasubiri wanawake wajae, akawaambia: "Akello wangu hakuolewa. Akello wangu ana digrii mbili." Kisha akarudi nyumbani, akalala mpaka kesho yake.

Sasa wewe, mwanangu. Siku zako si zile, na turubai lako siwezi kulikataza. Ila kabla hujafunga sanduku, keti na wale unaowaacha, uwaulize kuondoka kwako kutawagharimu nini, kwa sababu wao hawatakuambia. Jambo lako lisitangazwe na mwenye kupenda kusikia sauti yake mwenyewe, hata akiwa ni mjomba wako mwenye malori. Na ukifika huko, ukaona masomo ni mazito, usiseme unateseka peke yako. Yuko mtu hapa anayemeza maneno ya watu kwa ajili yako. Soma umalize. Umpe siku moja ya kusema kwa sauti.

Nenda. Mungu akufungulie kila njia iliyo na mlinzi, baridi ya huko ikukute umevaa, na siku ya kurudi utukute wote tungali hai, tukuite kwa jina lako na digrii zako zote.