Muhogo wa Mbwa wa Mwalimu

Fundi cherehani jirani yetu hapa Rumonge huchagua chakula cha mbwa kwa makini kuliko bibi harusi anavyochagua kitambaa. Ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, ndizo rahisi, lakini mbwa huyo akizila hujikuna mpaka damu. Basi fundi huvunja muhogo mukavu kipande kwa kipande, hunusa kama una ukungu, hurudisha, huchukua mwingine. Mbwa si wake, ni wa mwalimu wa nyumba ya pili. Fundi akilambwa mkono naye huunawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yake inavyotaka, na kesho yake huupeleka tena ulambwe. Mimi humtania: “Fundi, utamaliza udongo wa Rumonge.” Hutabasamu tu.

Juzi Mwavita, muuza muhogo, alimwambia polepole: “Baba, umupe tu ndagala. Wale waliopandishwa lori na askari pamoja na mwalimu mwezi wa tano, hakuna aliyerudi.”

Fundi hakuinua macho. “Mwalimu aliniambia siku tatu. Akirudi akamukuta na vidonda, nitamwambia nini?”

Huu ni mwezi wa nane. Nikachuchumaa, nikaanza kunusa muhogo pamoja naye.