Waliomwinua Baba Kule Bugembe

Neno lenyewe nililijua kwenye ripoti ya polisi, Jinja: passers-by. Baba alikuwa dereva wa lori. Alisimama Bugembe, karibu na Jinja, akashuka kununua maji, akaanguka kando ya barabara. Passers-by wakamwinua, wakampakia kwenye pikapu, akafika hospitali ameshakufa. Basi. Ripoti nzima mistari minne, na wote waliomgusa baba yangu akiwa hai wamefungiwa ndani ya neno moja.

"Afande, hawa ni akina nani?"

"Hiyo ni watu napita tu, bwana. Jina yao hapana jua."

Nilimchukia, nikalichukia na neno lake. Kwani mtu akikaa vumbini akakushikia kichwa, huyo bado anapita?

Mama, nyumbani Malukhu kule Mbale, alikuwa na swali moja tu tangu tumzike: baba alisema nini? Alikataa kuamini kwamba mume wake wa miaka thelathini aliondoka bila kumwachia hata neno. Mimi ndiye niliyekuwa nafanya kazi Jinja, kwa hiyo kila Jumamosi nilikwenda Bugembe na picha ya baba. Wenye maduka waliitupia jicho, wakarudi kwa wateja wao. Mmoja aliniuliza kama nanunua au namzibia mlango. Jioni mama anapiga simu: "Umewapata?" Nilikuwa nazima simu nikiitukana barabara nzima.

Jumamosi ya nne, mama mmoja anayechoma ndizi aliishika picha kwa mikono miwili.

"Kichwa chake kilikuwa hapa," akasema kwa Kisoga, lugha niliyoiokota kazini, akijigusa paja.

Nikachuchumaa mbele yake. "Alisema chochote?"

"Sana. Hakunyamaza mpaka wakampakia kwenye gari." Akanitazama kwa huruma. "Lakini alisema Kiswahili, mwanangu. Mimi Kiswahili sikijui. Nilikuwa namwitikia tu, ili asione yuko peke yake."

Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Akanipa ndizi, akakataa pesa. Nikaila nimesimama, nalia kwa hasira.

Nilipofika Mbale, mama alikuwa ananisubiri mlangoni, hata begi sijaweka chini.

"Umewapata?"

"Walikuwa wapita njia tu, mama," nikamwambia. "Hakuna anayewajua."