Kinyonga Amefika Burnt Forest: Mpiga plasta wa Pioneer na watoto wake wa Jumatano

Ndoo ya maji vuguvugu iko kati ya magoti yake, bandeji ya plasta inadondosha maji meupe sakafuni, na Benta Mideva anasema Kinyonga amefika Burnt Forest.

Mbele yake, kitandani, ameketi Chebet, msichana wa miaka mitano. Mguu wake wa kulia umo mikononi mwa Mideva, lakini hajautazama tangu hadithi ianze. Anaangalia mdomo wa msimulizi.

"Alilala wapi?" anauliza.

"Chini ya jani la kabichi. Na unajua Burnt Forest usiku vile kuna baridi."

Chebet anafikiria baridi hiyo. Anapomaliza kuifikiria, bandeji imeshauzunguka mguu wake kutoka vidoleni hadi pajani. Mideva anaushikilia kwa viganja viwili, akisubiri plasta ishike. Kisha anasema Kinyonga aliamka asubuhi, akakuta mtu amesimama katikati ya barabara akimngoja.

"Mtu gani?"

"Utajua Jumatano ijayo."

Mamake Chebet anambeba mgongoni na kutoka. Msichana huyo, ambaye mwezi uliopita alilia hadi sauti ikapotea, anageuza shingo kumtazama Mideva mpaka mlango unapofungwa.

Mwandishi huyu alikuwa amekuja kutazama kazi ya mikono. Alijikuta naye akitaka kujua ni mtu gani aliyesimama barabarani.

Kliniki hii ndogo ya kanisa iko mtaani Pioneer, Eldoret. Kila Jumatano huwapokea watoto waliozaliwa nyayo zao zikiwa zimepinda kwa ndani. Tiba yake ni ya subira. Mguu hunyooshwa kidogo, ukafungwa plasta, na baada ya wiki plasta hiyo hutolewa ili mguu unyooshwe tena kidogo. Kwa mtoto mkubwa, plasta hukatwa kwa mashine inayonguruma kama ya fundi mbao. Haikati ngozi, lakini hakuna mtoto anayeamini hivyo.

Mideva, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mzaliwa wa Vihiga. Alikuja Eldoret akiwa msichana, akafanya kazi ya mjengo.

"Plasta yangu ya kwanza ilikuwa ya ukuta," anasema akicheka. "Hizo nyumba ziko hapo nyuma ya stage ya matatu, nyingi nimezipaka mimi."

Mgongo ulipoanza kumsumbua, alipata kazi ya kufagia katika kliniki hii. Maurice, mzee aliyekuwa akipiga plasta wakati huo, aliona jinsi alivyokoroga saruji na kuilainisha alipoziba ufa wa sakafu, akamwita amsaidie. Baadaye kliniki ilimpeleka kusomea kazi hiyo, na Maurice alipostaafu, kiti kikawa chake.

Hadithi hazikuwa sehemu ya masomo. Anasimulia kwamba siku moja mtoto kutoka Soy alimpiga teke, ndoo ikamwagika, na mamake akaanza kulia pamoja naye. Ili kuyatoa macho ya mtoto kwenye mashine, Mideva alianza kusema lolote lililomjia kuhusu mnyama fulani aliyeanguka kisimani. Plasta ilipokwisha, mnyama bado alikuwa kisimani.

Wiki iliyofuata, mama huyo alimweleza kwamba mtoto ndiye aliyemwamsha asubuhi. Alitaka kujua kama mnyama alitoka.

"Hapo nikashika kitu," asema Mideva. "Mimi nilifikiri huyu mtoto anahitaji kuambiwa atapona. Kumbe alikuwa anahitaji sababu ya kutaka Jumatano ifike."

Tangu siku hiyo, hadithi zake hukatikia pale plasta inapoisha. Ana masharti mawili anayoyashika kama kiapo. Mtoto wa mguu hamsimulii hadithi ya mguu, kwa kuwa atajua anabembelezwa. Na hamwahidi mtoto yeyote kwamba mambo yatakuwa sawa.

Sharti la pili alilipata kwa uchungu, kupitia msichana aitwaye Jepchumba.

Jepchumba aliletwa kutoka Timboroa miaka miwili iliyopita akiwa na umri wa miaka minane. Alilelewa na nyanya yake, Jepkosgei, mkulima wa viazi. Kwa miaka yote hiyo nyanya huyo aliambiwa asubiri, miguu ya mtoto ingejinyoosha yenyewe. Haikujinyoosha. Jepchumba alikanyagia pembe za nyayo, na ngozi ya mahali hapo ilikuwa ngumu kama kisigino. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kwa ajili yake, Mideva alimtunga Kinyonga. Mnyama huyo alikuwa ametoka Soy, kwenye mahindi mengi, akiwa na punje moja ya mbegu shavuni, ili akaipande Timboroa, ambako watoto hawakuwahi kuchoma mahindi ya shamba lao. Kila wiki alisogea. Akavuka Eldoret, akapita Cheptiret, akanyeshewa na mvua ya mawe.

Mguu wa kulia wa Jepchumba ulikuwa ukitii. Wa kushoto ulikataa. Jumatano ambayo Mideva alikuwa amepanga Kinyonga awasili, daktari alieleza kwamba mguu huo ungehitaji kupasuliwa katika hospitali kubwa, na kwamba hata hivyo hakuwa na hakika ungenyooka wote. Alimwambia Jepkosgei, lakini mtoto alikuwa hapo hapo.

Mideva akachukua bandeji, akaanza kusimulia kana kwamba hakuna lililosemwa. Jepchumba akamkatiza.

"Usiseme amefika," alimwambia. "Hata akifika, Timboroa mahindi haifanyi. Baridi inaua."

Mideva anakumbuka mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Nilikuwa nimempa huyo mtoto ahadi ya uongo wiki baada ya wiki," anasema. "Nilitunga tu, sikuuliza. Na yeye alijua tangu mwanzo, akanyamaza, akangoja aone kama nitasema ukweli."

Plasta ya siku hiyo ilimalizika bila hadithi. Jumatano iliyofuata Jepchumba hakuja. Iliyofuata pia hakuja.

Mideva aliomba ruhusa, akaenda Timboroa. Alimkuta Jepkosgei kando ya ghala, na mjukuu wake akiwa ameketi juu ya magunia akichagua viazi vya mbegu, mguu wenye plasta umenyooshwa mbele yake. Nyanya huyo alimweleza kwa unyonge kwamba mtoto amekataa kurudi mjini, naye hakuwa na nguvu ya kumbeba kwa lazima.

Mideva hakumsihi. Alimsalimia mtoto, akaomba kiti, akaanza kuchagua viazi pamoja naye. Waliendelea hivyo kwa muda mrefu, vilivyochipuka upande huu, vilivyooza upande ule. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hata ua haukuonekana.

Ndipo Jepchumba akasema, bila kuinua macho, "Alifika. Akapanda hiyo mahindi. Ikakufa."

"Akalia?" Mideva aliuliza.

"Akalia. Halafu kogo mmoja akamwona, akampatia viazi."

Huko kwao, kogo ni nyanya. Jepkosgei, aliyekuwa amesimama mlangoni pa ghala, alijifuta uso kwa kanga.

"Sasa amepanda?"

Jepchumba alikigeuza kiazi mkononi, akavitazama vichipukizi vyake. "Bado. Anangojea mvua."

Mideva aliuliza tu kama Kinyonga angependa mtu wa kungojea naye, na mtoto akasema ndiyo, lakini lazima huyo mtu ajue kupanda viazi.

Wiki mbili baadaye Jepchumba alikubali kwenda hospitalini kupasuliwa. Mideva alimsindikiza hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Njiani hakumwahidi chochote. Walizungumza juu ya mbolea.

Leo msichana huyo anatembea kwa nyayo zote mbili. Mguu wa kushoto haukunyooka wote, kama daktari alivyoonya, na akikimbia anachechemea. Ila anavaa viatu vya shule, na anazifunga kamba zake mwenyewe. Akija kliniki kuangaliwa, watoto wengine humzunguka, kwa sababu wameshaambiwa na Mideva kwamba mwisho wa Kinyonga si wake kuusimulia. Ni wa Jepchumba.

Mwandishi huyu alimwona akiusimulia Jumatano hii, Chebet alipokuwa ameshaondoka. Alisimama wima mbele ya watoto sita wenye plasta, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesoma mbele ya darasa. Aliwaambia mahindi yalikufa. Hakuharakisha hapo. Mtoto mmoja aliinamisha kichwa, na Jepchumba akamngojea mpaka akakiinua, ndipo akaendelea na mvua. Wazazi waliokuwa kwenye benchi waliacha simu zao. Hata muuguzi aliyekuwa akipita na trei alisimama pale pale.

Mideva alikuwa akiosha mikono, ameupa ukuta uso.

Sasa ana mpango. Ameomba kliniki imruhusu siku za soko aende Soy, na baadaye Timboroa, akaongee na akina mama wenye watoto wachanga, aziguse nyayo za watoto hao na kuwaambia mama zao wasingoje kama alivyoambiwa Jepkosgei. Mguu wa mtoto wa wiki mbili, asema, ni laini kama unga uliokandwa, na hutii upesi. Msimamizi wa kliniki amekubali, na ataanza baada ya mavuno.

Anapoulizwa kama hatahisi upweke watoto wakubwa wakipungua kitandani mwake, anatikisa kichwa.

"Mtoto wa wiki mbili hajui kuogopa. Unampiga plasta akinyonya, analala," anasema. "Hiyo ndiyo natamani. Nifanye kazi siku nzima kimya, nikose mtu wa kumwambia hadithi."