Nimuseme Rafiki Yangu kwa Masera, ao Niende Chumba cha Nyuma Peke Yangu?

Nyinyi wenye kuandika kwa ukurasa huu kila siku juu ya bwana aliyeenda na mupenzi asiyepokea simu, mukae kimya kidogo. Mutapata wengine. Leo mutu mukubwa anasema. Masomo yangu ilifikia troisième ya primaire, darasa la tatu tu, na ninabonyeza simu kwa kidole kimoja, basi mutu asinicheke makosa. Jina langu mulifiche.

Niko na miaka makumi saba na kitu. Nilikimbia kutoka upande wa Nizi, nikaingia hapa Bunia kwa nyumba ya wazee, kwa Wamasera, wale watawa wanawake wa kanisa. Humu nilipata rafiki. Tumuite Mama Sofi, si jina lake. Vitanda vyetu viko karibu, ukinyoosha mukono unashika mwenzako. Kila Jumamosi ananisuka, kisha mimi namusuka. Siku moja nikamuambia: «Mama, umevuta sana, unataka nifanane na Muchina?» Akajibu: «Kaa vile, weye muzee, nakunyoosha mikunjo ya uso.» Tulicheka mpaka Masera akakuja kutazama.

Mujue desturi ya hapa. Mwenye nguvu analala chumba cha mbele, anachagua maharagi jikoni na wenzake, anapata habari zote. Mwenye kuinuliwa anapelekwa chumba cha nyuma. Kule wanaosha watu vizuri, sisemi uongo. Lakini wa mbele hawaingiake. Wanasalimia kwa mulango na kupita mbio, kama vile uzee unaambukiza.

Basi tansio, presha ya damu, ikanipiga. Mukono wa kushoto na muguu wake vikakufa. Kurudi kutoka hospitali, Jumamosi nikaketi mbele ya Mama Sofi na kichanuo changu. Akasema: «Leo namusuka huyu mama mwenye alitoka Mudzipela.»

«Na mimi je?»

«Weye utanisuka na mukono gani?»

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, mujinga mimi.

Juzi Masera akamuuliza mbele yangu kama anaweza kunisaidia kwenda choo, ili nibakie kitanda changu. Akajibu akitazama ukuta: «Masera, sikuingia hapa kuwa anfirmie wa kuuguza watu. Huyu muzee iko muzito.» Muzito! Mimi mifupa mitupu! Jumatatu wanahamisha kitanda changu.

Sasa musikilize lenye linaniuma. Mama Sofi haoni. Macho yake ilizimika pole pole, na mimi peke yangu najua. Anasuka kwa kupapasa, ndiyo sababu hakuna mwenye kugundua. Maharagi yake mimi ndiye nilipitia tena, kutoa majiwe. Akitembea alishika bega langu, watu wakasema tunapendana. Tulipendana kweli. Aliniambia: «Usiniseme, watanitia nyuma.» Nikanyamaza. Leo anashika bega la yule wa Mudzipela, naye hajui kama amefanywa fimbo ya kipofu. Jana muzee mumoja alivunja jino juu ya jiwe ndani ya maharagi, wote wakatukana muuzaji wa sokoni. Mama Sofi alitukana kuliko wote.

Nikisema neno moja kwa Masera, Jumatatu vitanda viwili vitaenda nyuma. Atanichukia, lakini atakuwa pale, nitamusikia akipumua. Nikinyamaza, naenda peke yangu. Hatapita hata kwa mulango, namujua. Siku yake ikifika, naye wamulete nyuma, mimi nitakuwa nimekwisha kuzikwa. Sioni njia yenye itanirudishia rafiki. Naona tu njia mbili za kumukosa.

Musiniandikie «Koko, bibi yetu, samehe, omba Mungu.» Nilianza kuomba mama zenu hawajazaliwa. Na musiseme nimubembeleze, simubembelezi mutu. Mimi nauliza kitu kimoja: niseme ao ninyamaze? Andikeni neno moja, leo hii, kabla Masera hajashika kitanda changu.