Filime ya Mulaji na Chakula cha Wakwe

Hata leo nikiona mutu anatafuna mudomo wazi, ninahama meza. Kosa ni ya ile filime ya Wafaransa, na ya mudomo yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa uhuru, mujini Rumonge, kando ya ziwa. Wazazi wa muchumba wangu walitoka kijiji cha Kizuka kuja kuangalia kwetu. Wakila chakula cha mama, ndoa iko. Wakiacha sahani, basi, imekufa. Nikawapeleka kwanza sinema ya misioni, jumapili mchana, wajue mukwe wao ni mutu wa mujini.

Filime ilikuwa ya zamani, haina sauti. Bwana wa masharubu anakula sahani kumi za makaroni, hatafuni, zinaruka zenyewe kuingia kinywani. Watu walicheka mpaka benchi moja ikaanguka. Baba mukwe alipangusa machozi.

Yule wa kuzungusha mashini ya sinema akanielezea namna waliitengeneza. Ningenyamaza. Wapi!

Nyumbani mama akaleta bugali, samaki mukeke, na sombe, yale majani ya muhogo, inaogelea mu mafuta ya mawese. Baba mukwe akatia tonge kinywani, akauliza:

"Yule muzungu aliweka wapi chakula yote ile?"

"Baba, hakula kitu! Alijaza mudomo, akatemea mu sahani, kamera inapiga. Kisha wakazungusha filime kinyumenyume. Tulikuwa tunacheka matapishi!"

Nilicheka peke yangu. Yeye akaangalia sombe. Mashavu ikavimba, na tonge ikarudi mu sahani, inavuta uzi ya mate. Mama mukwe, bibi yake, akachukua kitenge, akasimama waende.

"Baba, mama, mukae," nikasema, "ile ni sinema tu."

"Sinema tu? Kula basi." Akanisukumia sahani ile ile. "Nione kama kwenu chakula inaingia ama inatoka."

Mama aliangalia chini. Nikala. Tonge yake ilikuwa vuguvugu, laini, imekwisha kutafunwa, na ndani mulikuwa mufupa wa samaki alionyonya. Nikameza bila kupumua. Muzee akainama kunichungulia koo.

"Fungua."

Nikafungua.

"Imepita," akaambia bibi yake. Bibi akakaa. Mama akaleta sahani ingine, muzee akanawa upya, akala yote, akalamba mpaka vidole.

Mimi jasho inatiririka, midomo nimebana kabisa.

"Leo mukwe ananyamaza," akasema. "Ni vizuri. Akae hivyo mpaka harusi."