Viatu vya Koplo Odoch

Wananchi wote wa kambi, wake zao, watoto wao na kuku wao wanaozurura wanaarifiwa kwamba Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi wa mabati, Koplo Odoch wa bendi ya polisi atafichua siri ya nguvu ya taifa la Korea, aliyoiona kwa macho yake mawili. Mahudhurio ni ya hiari. Majina ya watakaokosa yataandikwa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa kantini, na aliyelisoma kwa hofu kuliko wote alikuwa Koplo Odoch.

Alikuwa mtu wa kawaida tu, mpiga tarumbeta. Alizaliwa miguu ikitangulia, ndiyo maana Waacholi wenzake wakampa jina hilo, na tangu siku hiyo hakupata kutangulia katika jambo lingine lolote. Miaka yote ya utawala wa jeshi alikuwa amedumu kwa mbinu moja: akiulizwa maoni yake, anapuliza tarumbeta.

Ujumbe wa kirafiki ulipoandaliwa kwenda Korea, alitakiwa mtu wa kupiga wimbo wa taifa. Korea ziko mbili, na Odoch mpaka leo hana hakika alipelekwa ipi. Barua ilisema Korea, na siku hizo barua ya serikali haikuulizwa swali.

Kiongozi wa ujumbe alikuwa Meja Uthman, shujaa mwenye nishani ya siku jeshi lilipochukua nchi. Siku ya tano, baada ya viwanda vitatu na bwawa moja, wenyeji wakasema sasa watawapeleka mashambani kuona hekalu la Wabudha. Wajumbe wengine walikuwa wamelala hotelini, matumbo yameshindwa na kabichi ya pilipili. Wakaenda wawili tu, Meja na Koplo, pamoja na mkalimani, Bwana Pak, aliyejifunza Kiswahili chuoni na kwa hiyo alikisema vizuri kuliko mtu yeyote Kampala.

Hekalu lilikuwa mlimani, kati ya misonobari. Palikuwa na kijito, na kengele ndogo kwenye pembe ya paa iliyolia upepo ukipita. Zaidi ya hapo, kimya. Bwana Pak akavuta pumzi akasema watu hutoka mbali kuja kusikiliza kimya hicho. Odoch hakukipenda. Kwao, mahali penye kimya ni mahali ambapo mtu ametoka kuchukuliwa sasa hivi.

Kisha akaona viatu. Jozi thelathini hivi, zimepangwa mbele ya ukumbi, wenyewe hawapo.

Kampala ya siku hizo, kiatu kisicho na mtu kilikuwa taarifa kamili. Vijana wa usalama, wa mashati ya maua na miwani myeusi, waliposhuka kwenye gari, neno lao la kwanza lilikuwa "toa viatu." Mtu akaingia kwenye buti la gari, viatu vikabaki barabarani kumweleza mke wake yaliyobaki.

"Tafadhali vueni viatu, ndugu zangu," akasema Bwana Pak kwa upole. "Ndani hamtavihitaji."

Odoch akamtazama Meja. Meja alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

"Wametuuza," Meja akanong'ona.

"Nani, afande?"

"Watu ya nyumbani. Kumbe hata ile kabichi ilikuwa mpango."

Wakavua. Odoch alifungua kamba polepole, kama mtu anayeaga ndugu. Ndani, watu thelathini walikuwa wamekaa miguu mitupu, nyuso zimeelekea ukutani, na nyuma yao mzee mwenye kichwa kilichonyolewa alitembea taratibu na fimbo ya mwanzi. Hapo Odoch hakuhitaji mkalimani.

Mzee akaketi mbele ya wageni wawili, akasema neno.

"Anasema, kama kuna kitu kinawalemea moyoni, kitueni hapa," akasema Bwana Pak.

Odoch akapiga magoti, akakitua. Akasema shemeji yake Ochan, aliyekuwa akitafutwa, ni yeye aliyemtorosha. Alimvisha sare ya bendi, akampa matoazi, akapita naye vizuizi vyote mpaka Tororo, ambako Ochan alipiga matoazi mbele ya wakubwa, mahali pa wimbo yasipotakiwa kabisa, na akapigiwa makofi. Usiku ule akavuka kwenda Kenya.

Alipomaliza, akasikia mtu mwingine analia. Ni Meja.

"Siku ile ya mapinduzi mimi sikupigana," Meja akasema. "Nilikaa ndani ya tangi ya maji mpaka redio ilisema nani ameshinda. Nikatoka nimelowa. Nikasema ni jasho."

Bwana Pak akatafsiri yote, hakuacha hata tangi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akamimina vikombe viwili.

"Anasema mnywe chai kabla haijapoa."

Wakanywa. Baada ya hapo wale watu thelathini wakainuka, wakatoka, kila mmoja akavaa viatu vyake akaenda kupalilia figili. Viatu vya Odoch vilikuwa palepale, ila mtu alikuwa amevigeuza, ncha zikitazama njia ya kurudi. Odoch alisimama akavitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama viwanda vyote vitatu.

Wakarudi nyumbani. Lakini koplo anayejua habari za tangi la meja hana maisha marefu, na wote wawili walilijua hilo.

Jumamosi asubuhi, mkewe, Akidi, alimwangalia akivaa.

"Baba Okot, funga kamba mafundo mawili," akasema.

Nyuma ya ukumbi Meja alikuwa akimsubiri.

"Koplo. Ile kitu nilisema kule, mambo ya tangi."

"Tangi gani, afande?"

Meja akafikiri. "Na shemeji yako wa matoazi je?"

"Mimi ni mtu ya tarumbeta, afande."

"Tutaona," akasema Meja, akaingia.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele alikaa kijana wa shati la maua, daftari mapajani. Meja aliongea dakika arobaini juu ya urafiki wa mataifa. Halafu akamgeukia Odoch, akiweka sawa nishani kifuani.

"Sasa, Koplo, ambia wananchi. Ulifika mpaka ndani ya hekalu. Siri ya nguvu ya wale watu ni nini?"

Kijana wa shati la maua akalamba ncha ya penseli. Odoch akaangalia viatu vyake, mafundo mawili kila kimoja. Tarumbeta alikuwa ameiacha nyumbani.

"Wakiingia wanatoa viatu, afande," akasema. "Wakitoka wanavaa."