Mama Kioo na boneti nyekundu ya baba yake

Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijachachamaa, mwanamke mwenye aproni ya bluu amechuchumaa mbele ya mlango wa gari jeusi. Mashine ya kung'arishia rangi hajaigusa. Anapitisha tochi ndogo juu ya rangi, anainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, kama daktari anayechungulia koo la mtoto.

"Unaiona hii michoro, kama utando wa buibui?" anamwuliza mwenye gari, mwalimu wa shule ya msingi. "Hii ni kazi ya kitambaa kichafu. Nani anakuoshea?"

"Naosha mwenyewe," mwalimu anajibu kwa sauti ya chini.

"Basi mchawi tumempata."

Wanacheka wote wawili. Wateja wanamwita Mama Kioo, na sababu iko wazi: gari likitoka kwake unaweza kuchania nywele mlangoni. Ana miaka arobaini na minne, watoto wawili, na huu ni mwaka wa kumi na saba anaifanya kazi hii katika kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji, katikati ya mpiga rangi na fundi wa matairi. Wiki nzuri anapata magari manne. Wiki mbaya anapata moja, na siku zilizobaki anafua vitambaa.

Kwenye rafu yake kuna chupa tatu za kompaundi, uji wa kusugulia rangi, ambazo yeye anaziita dawa: kali, ya kati na laini. Chini yake zimepangwa sponji, kila rangi na ugumu wake. Pedi ya manyoya imetundikwa peke yake kwenye msumari, mbali na wenzake.

"Ile inakata," anasema. "Ukiishika lazima uwe na sababu."

Anabandika tepu mlangoni, akizungushia eneo lisilozidi kiganja. Anaanza na sponji laini na dawa laini. Anapitisha mashine mara nne, anafuta, anamulika. Michoro bado ipo. Anapanda ngazi moja, sponji ngumu kidogo na dawa ya kati, anafuta tena. Safari hii mwalimu anajiona mlangoni, na shati lake halijapigwa pasi vizuri.

"Tunaishia hapa. Ya manyoya leo inalala," anasema Mama Kioo. "Rangi kuipunguza ni rahisi, mwalimu. Kuirudisha ndiyo shughuli."

Kisha anaigeuza sponji na kuitazama uso. Imetoka na ute mweupe ingawa gari ni jeusi, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika. Magari ya siku hizi, anaeleza, yamepakwa vanishi isiyo na rangi juu ya rangi yenyewe. Ukiona rangi ya gari kwenye sponji, ujue vanishi umeimaliza. Lakini magari ya zamani hayana vanishi, na hayo kutoa rangi ni kawaida yake.

"Kwa hiyo sponji inakwambia ukweli," anasema, "lakini lazima kwanza ulijue gari limevaa nguo ngapi. Mimi hapo ndipo nilipoangukia pua."

Mwalimu akishaondoka kwenda kusubiri kivulini, ndipo anapomsimulia mwandishi wa habari hii.

Baba yake aliendesha teksi kwa miaka thelathini na moja, gari moja tu, jekundu. Gari hilo lilimlisha yeye na kaka yake, likawasomesha, na ndilo lililonunua mashine yake ya kwanza. Magoti na macho yalipomstaafisha mzee, wekundu wa gari nao ulikuwa umechoka, umepauka kama kanga iliyosahauliwa juani.

Kinyozi hajinyoi. Binti alikuwa anang'arisha magari ya watu, la baba yake linasubiri.

"Nilikuwa namwambia, wiki ijayo, Baba. Wiki ijayo yangu ikawa miaka mitatu," anasema. "Yeye alikuwa ananiambia kitu kimoja tu: mwanangu, nataka nilione tena kabla macho hayajanisusa."

Siku mzee alipolileta, likiendeshwa na mwanawe wa kiume, miaka miwili iliyopita, kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi wakitazama saa. Mama Kioo alijaribu mlangoni kama kawaida yake. Dawa laini ikashindwa, ya kati ikashindwa, sponji ikatoka nyekundu. Sawa, akasema, rangi ya zamani hii, haina vanishi. Akashusha pedi ya manyoya na dawa kali, akaanza kazi. Milango minne ikawaka. Akahamia kwenye boneti bila tepu wala kujaribu, maana gari si lile lile?

Mzee aliinuka kwenye kigoda chake. "Mwanangu, hebu subiri kidogo. Hapo kwenye boneti..."

Mama Kioo hakuzima mashine. "Baba, usinifundishe kazi. Wewe ni dereva. Kaa uone."

Wateja wakacheka. Mzee akakaa.

Ulimi hauna mfupa, na mwenye ulimi anaposimulia haya hamtazami mwandishi. Anatazama mikono yake.

"Pedi ilianza kutoka nyeupe," anasema. "Niliiona kwa macho yangu. Nikajisemea, aa, ni dawa tu haijashika. Ilipokuja kutoka nyekundu nikafurahi, nikaongeza mkono. Yaani kitu kilichotakiwa kunisimamisha ndicho kilichonipa moyo."

Alipofuta, katikati ya boneti palikuwa na doa la kijivu, upana wa sahani. Ilikuwa praima, ile rangi ya chini kabisa. Mpiga rangi alikuja kutoka banda la pili, akapitisha kidole ukingoni na kusema alichokiona: boneti hiyo peke yake iliwahi kupigwa rangi upya, ikapakwa na vanishi, tena nyembamba.

Mzee hakufoka. Alisema, "Inatosha," akamwomba funguo, akamsubiri mwanawe wa kiume aje kuliendesha.

Mwezi mmoja baadaye kaka yake, aliyesimuliwa na mzee njiani siku ile ile, ndiye aliyemweleza kisa. Miaka mingi nyuma, jioni moja, baba yao aligonga geti akiwa amesinzia kwa uchovu. Mama yao alikuwa haipendi kazi ile, kila siku anahofia simu ya polisi. Mzee akaona bora alale njaa siku kadhaa, boneti ipigwe rangi kimya kimya kabla gari halijafika nyumbani. Mama yao alifariki bila kujua.

"Siri aliyomficha mama hadi kaburini, siku ile alikuwa anataka kunitobolea mimi," anasema Mama Kioo. "Na mimi nikamkata kauli mbele ya watu." Anajifuta macho kwa mkono wa shati, kwa sababu vitambaa vyote vina dawa.

Tangu hapo gari limefunikwa turubai kwenye ua wa kaka yake. Kila Jumapili anakwenda kumsalimu mzee. Shikamoo inaitikiwa, wajukuu wanaulizwa mmoja mmoja, chai inakuja. Siku Mama Kioo alipomwambia kuwa mpiga rangi yuko tayari kuirudisha boneti, na gharama atalipa yeye binti, mzee alitabasamu.

"Usijisumbue, mwanangu. Gari la dereva tu hilo."

"Lilikuwa neno langu mwenyewe," anasema. "Amelitunza."

Ameshaomba radhi kwa ajili ya boneti, anakiri, tena mara nyingi. Kwa ajili ya maneno hajawahi. Boneti anaijua dawa yake; maneno hajui aanze na sponji ipi. Majuto ni mjukuu, walisema waliotutangulia, na wake amefika, amekaa kitako, hana dalili ya kuaga.

Ila muda nao haumsubiri. Jicho la kushoto la mzee limeshapofuka. La kulia, daktari amekataa kuahidi chochote baada ya mwaka huu.

"Sitaki aje kuipapasa boneti na mimi nimesimama pembeni namwambia, Baba, imeng'aa," anasema. "Nataka alione gari lake. Anikosoe hata, aseme hapa umeacha."

Jumamosi hii atafunga kibanda aende kwa mzee. Wateja watatu ameshawakataa, na mmoja amenuna. Kabla hajarudi kwenye gari la mwalimu anampigia kaka yake, simu ikiwa imelazwa juu ya rafu, spika wazi, kwa sababu mikono ina dawa.

"Nimemwambia unakuja," sauti ya kaka inasema. "Kauliza kama unakuja na mashine."

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema sijui. Sasa nimwambie nini?"

Mama Kioo anaitazama pedi ya manyoya kwenye msumari wake.

"Mwambie naja mikono mitupu," anasema. "Mwambie ile habari ya boneti sijaisikia kutoka kwake. Naja anisimulie, na safari hii nitanyamaza mpaka amalize."